Kienyeji, si kuchakachua

Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, tunasema imechakachuliwa. Neno hilo limebeba udanganyifu. Si haki kumbandika neno hilo kijana aliyefungua mashine yake ya michezo, Wii, ili iendeshe mchezo alioutunga mwenyewe.

Kiingereza huziita programu zinazotungwa hivyo na watumiaji wenyewe kwa jina la pombe inayopikwa nyumbani. Sisi tunalo kienyeji, ndugu wa mwenyeji: kuku wa kienyeji, dawa za kienyeji. Wii, iliyotoka mwaka 2006, ina hifadhi ya ndani ya megabaiti 512 tu, na programu hizo kwa kawaida huwekwa kwenye kadi ya SD, kila moja na folda yake, kama vyumba vya nyumba moja. Mwenye mashine ndiye mwenyeji humo. Tuziite programu za kienyeji.