Mpira Ulipita Hapa Kabla ya Gari

Wateja wangu wa pancha hapa Dunda hawaamini nikiwaambia hivyo. Enzi za Wajerumani, utomvu wa mitambaazi ya porini, jamaa za mbungo, ulisafirishwa kutoka pwani hii kwenda Ulaya. Yakaja mashamba; 1913 bei ikaporomoka, mpira wa Asia umefurika.

Utomvu peke yake si tairi. Hutiwa masizi na salfa upate nguvu, na mafuta ya kulainisha donge lisisumbue mashine. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilikuwa na kazi hiyo. Miaka ya 1990 Michelin wakaleta silika badala ya sehemu ya masizi: hushika lami iliyolowa, ila ni jeuri kuchanganyika, hutaka kemikali ya kuifunga na mpira.

Bodaboda mwenye tairi kipara hayajui hayo. Masika simjazii upepo kabla hatujagombana.