Korti ya Kuchekesha

Ukitaka kuielewa Kenya ya miaka ya 80, weka hotuba za viongozi kando kwanza. Tafuta vipande vya zamani vya Vioja Mahakamani. Mshtakiwa yuko kizimbani, labda ni Otoyo, labda ni Makokha. Kosa lenyewe ni dogo: kuku wa jirani amepotea, ama mtu amelewa akavuruga amani ya ploti. Gibson Gathu Mbugua, kiongozi wa mashtaka, anasoma maelezo kwa sauti ya serikali kabisa. Halafu mshtakiwa anaanza kujitetea, na hapo ndipo kipindi chenyewe kinaanza. Anazunguka, anaapa, anamtaja marehemu babake, anamuuliza shahidi maswali yasiyoingiliana. Hakimu anamkemea, lakini hamnyamazishi. Akinyamazishwa, hakuna kipindi.

Hicho kitu, mshtakiwa kuachwa aongee, kimenisumbua kwa muda sasa.

Twende nyuma kidogo. Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, mtambo ukiwa kwenye nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika kama kilomita 24 tu. Kwa hivyo ni Nairobi na majirani zake. Mwenyewe alikuwa shirika jipya, KBC, lililoundwa 1961. Uhuru ukaja, na 1964 serikali ikalitaifisha shirika hilo na kuligeuza idara ya wizara: Sauti ya Kenya, ambayo wengi waliiita VoK. Waziri wa Habari wakati huo alikuwa Achieng Oneko. Huyu mzee alishtakiwa Kapenguria pamoja na kina Kenyatta, akashinda rufaa, na mkoloni akamweka kizuizini hivyo hivyo. Mwaka wa 1969 serikali huru ya Kenya nayo ikamweka kizuizini, bila kesi, mpaka 1975. Sauti aliyokuwa amesaidia kuikabidhi serikali haikuwa na chochote cha kumtetea.

Kufikia wakati tulipoanza kung'ang'ania nafasi sakafuni mwa sebule ya jirani, VoK ilikuwa televisheni yote. Hakukuwa na kubadilisha stesheni, labda ubadilishe nyumba. Mtaani kwetu Eastlands kulikuwa na seti moja ya kuaminika, ile ya kabati la mbao lenye milango ya kufungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa mtu wa kusalimiwa vizuri. Rangi ilikuwa imeshafika nchini, lakini haikuwa imefika kwetu. Matangazo yalifunguliwa jioni na kufungwa usiku kwa wimbo wa taifa. Saa moja ni habari kwa Kiswahili, saa tatu kwa Kiingereza, na zote mbili zilianza na Mtukufu Rais: leo amepanda miti, leo ameenda kanisani, leo amepokea wajumbe. Katikati kwaya zinaimba uzalendo. Kisha kulikuwa na Football Made in Germany na sauti ya Toby Charles, ndiyo maana kuna wazee hapa Nairobi wanaoijua Borussia Mönchengladbach kuliko timu yoyote ya Uingereza. Tushauriane ilikuja baadaye, na Tausi ikafuata.

Lakini wenyewe tulikuwa tunangoja Vitimbi na Vioja. Mzee Ojwang na Mama Kayai wakigombana, watu walikuwa wanacheka kabla hata neno halijaisha. Ni hapo tu kwenye skrini ndipo mlisikia Kiswahili kama kinavyoongewa na watu waliotoka Kakamega, Kisii au Siaya wakatafuta maisha mjini. Sitasema kilikuwa kicheko safi. Lafudhi zilikuwa nusu ya mzaha, na tulienda nazo shuleni kesho yake kuwachekelea wenzetu. Kuna majina ya utani ya siku hizo ambayo bado yanawauma watu.

Sasa weka hiyo korti kando ya nyingine.

Mwaka wa 1986 serikali ilianza kuwasaka watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya: wahadhiri, wanafunzi, wanahabari, wakulima. Wengi walizuiliwa vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House. Walionusurika wamesimulia giza, maji yaliyojazwa selo, njaa, kipigo. Kisha walipelekwa kortini, mara nyingi jioni baada ya saa za kazi, bila wakili. Upande wa mashtaka alikuwepo Bernard Chunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu. Mshtakiwa anasomewa mashtaka, anakubali, anafungwa. Dakika chache tu, kwisha. VoK haikuwa na kipindi cha kuuliza mbona mtu mwenye akili timamu anakubali kosa la miaka mingi haraka hivyo.

Kwa hivyo nchi moja ilikuwa na korti mbili. Kwenye ile ya uongo, anayeshukiwa kuiba kuku alipewa muda mpaka mkacheka mkachoka. Kwenye ile ya kweli, mwalimu wa chuo kikuu hakupewa hata wakili.

Kuna marafiki wangu wanaopenda kusema Vioja ilikuwa dhihaka ya kisiri dhidi ya Moi. Mimi sioni. Kilikuwa kipindi cha kituo cha serikali: hakimu ana busara siku zote, sheria inashinda siku zote, na ujumbe ni kwamba usinywe chang'aa, usimpige mke, lipa deni. Serikali ilijipenda kwenye kioo hicho. Ni umbo la mchezo tu lililoteleza likasema jambo ambalo hakuna aliyeliandika: mshtakiwa ana la kusema. Shangazi yangu alikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ya mawakili mjini. Sisi watoto tukianza kumzomea Otoyo, yeye alikuwa anasema, "Muacheni amalize." Hakuwa anacheka sana kwenye hicho kipindi. Lakini hakukikosa.

Mwaka wa 1989 jina la KBC lilirudishwa kwa sheria ya bunge. Machi 1990 KTN ikaingia hewani, kituo cha kwanza cha watu binafsi, Catherine Kasavuli akisoma habari na CNN ikijaza masaa. Studio zao zilikuwa Nyayo House, ghorofa za juu. Fikiria hiyo lifti. Mtangazaji anapanda na poda usoni, na chini ya jengo hilo hilo kuna selo. Umma haukuruhusiwa kuziona mpaka Februari 2003, Moi akiwa amestaafu.

Julai 2010, Mahakama Kuu iliamua kesi ya kundi la manusura wa Nyayo House, ikawapa fidia. Walikuwa wamesimama mbele ya jaji, wakaeleza yote, siku kwa siku, selo kwa selo.