Majengo Nyumbufu ya Kijamii katika Mafunzo ya Usanifu

Majengo nyumbufu ya kijamii ni majengo yaliyosanifiwa kwa nia mbili zinazokwenda pamoja: matumizi yake yaweze kubadilika bila kubomoa, na watu wanaoyatumia wapate sababu ya kukaa humo pamoja badala ya kupishana tu mlangoni. Katika vyuo vya usanifu majengo, wanafunzi hupewa kazi za namna hii mara kwa mara: shule itakayotumika jioni kama ukumbi wa kijiji, au maktaba ambayo kivuli chake kitakuwa kijiwe cha vijana. Baadhi ya majengo yanayosifiwa zaidi katika fani hii yalianza hivyo hivyo, mezani kwa mwanafunzi ambaye alikuwa hajahitimu.

Anayeshika kazi hii kwa mara ya kwanza aghalabu huchora kuta za kusukuma. Kwenye karatasi zinapendeza: chumba kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa ukumbi. Miaka michache baadaye reli zimejaa mchanga, sauti za darasa la pili zinasikika darasa la tatu, na ukuta umebaki pale ulipoachwa siku ya ufunguzi. Majengo yaliyofaulu yanaonyesha njia nyingine. Unyumbufu wake hutokana na vitu vichache visivyosogea kabisa, kama paa pana, sakafu imara au benchi la mawe, vilivyowekwa mahali pake kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba mengine yote yanaweza kuachiwa wenyeji.

Nyumba ya Kiswahili, ile inayojulikana Kariakoo na Magomeni jijini Dar es Salaam, ni mfano wa zamani wa jambo hilo. Katikati ina ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi uani. Huku na huku kuna vyumba, kwa kawaida vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bafu. Mbele kuna baraza. Mpangilio huo haubadiliki, lakini ndani yake hubadilika karibu kila kitu. Chumba cha mbele kinageuzwa duka au kinapewa fundi cherehani. Vyumba vingine vinapangishwa, na ndugu akija kutoka kijijini anapata pa kulala. Kuta za miti na udongo zinageuka za tofali za saruji, chumba kimoja kimoja, kadiri fedha zinavyopatikana, na wenye nyumba hawahami. Baraza ndilo linaloifanya nyumba iwe ya mtaa mzima. Katika miji ya mawe ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza ni benchi lililojengwa kwa mawe na chokaa ukutani. Kwa nyumba kubwa za Lamu liko ndani ya daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, ambako mgeni hupokewa kabla ya kuamuliwa kama ataingia ndani. Halihamishiki, na kwa sababu hiyo kila mtu anajua wenzake watapatikana wapi.

Ulaya ilichelewa kulitungia nadharia jambo hili. Mwaka 1961 msanifu wa Uholanzi John Habraken alichapisha kitabu kilichopinga nyumba za umma zilizokuwa zikijengwa kwa maelfu baada ya vita, ambazo mkaaji wake hakuulizwa lolote. Alipendekeza jengo litenganishwe sehemu mbili: kiunzi cha kudumu, ambacho ni mali ya wote na kinaamuliwa na wote, na vijazo vya ndani, ambavyo kila kaya inavipanga na kuvibadilisha ipendavyo. Fikra hiyo hufundishwa hadi leo, na mwanafunzi akiielewa vizuri huacha kuuliza "chumba hiki ni cha nini?" na kuanza kuuliza "ni kipi kitakachodumu miaka mia, na ni kipi kitakachodumu kumi?"

Mholanzi mwenzake, Herman Hertzberger, alijaribu jambo linalofanana na hilo kwa watoto. Katika shule ya Montessori ya Delft, iliyojengwa miaka ya 1960, aliweka katikati ya ukumbi jukwaa dogo la matofali lisiloondoleka. Wapo walioona kwamba linaziba njia. Hertzberger aliona kwamba kuziba njia ndiko kunakolifanya lifae: watoto wanalikalia, wanalipanda, wanalizunguka, wanafanyia maigizo juu yake, na tumboni mwake mna vipande vya mbao vinavyovutwa nje kulipanua liwe jukwaa kubwa. Ukumbi mtupu ungeruhusu mambo yote, lakini usingemwita mtu kufanya lolote.

Mfano mashuhuri zaidi wa jengo lililoanzia mezani kwa mwanafunzi uko Gando, kijiji cha mashariki mwa Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré alizaliwa huko mwaka 1965. Kijiji hakikuwa na shule, kwa hiyo alipelekwa mji wa Tenkodogo akiwa na umri wa miaka saba, akasoma katika darasa la saruji lenye giza na joto, walimobanana wanafunzi zaidi ya mia. Baadaye akawa seremala, akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu. Alipokuwa bado mwanafunzi, mwaka 1998 alianzisha na marafiki zake chama cha kuchangisha fedha za kujenga shule kijijini kwao. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004, mwaka ule ule aliohitimu, ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Wanakijiji hawakuipokea ramani yake kwa shangwe. Walitarajia kijana aliyesoma Ulaya alete saruji na vioo, naye akaja na udongo, udongo ambao kila masika waliuona ukimomonyoka kwenye kuta za nyumba zao. Ilibidi achore mpango wa jengo mchangani, kwa kuwa wengi hawakuzoea kusoma michoro, na athibitishe kwa majaribio kwamba tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine likiwa na saruji kidogo halimumunyuki. Watoto walibeba mawe ya msingi, akina mama wakateka maji, wanaume wakafyatua tofali. Haya hayakuwa mapambo ya kuiremba hadithi ya jengo. Yaliamua umbo lake. Mihimili ya paa, kwa mfano, ilitengenezwa kwa nondo za kawaida, kwa sababu kreni haikuwepo na nondo hukatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea.

Madarasa ni matatu tu, yamepangwa mstari mmoja, na kati yake zimeachwa nafasi za wazi zilizoezekwa. Dari ni ya tofali zenye mianya, na juu yake, kwa umbali, limeinuliwa paa pana la bati linalopita mbali nje ya kuta. Hewa ya moto hutoka kwenye mianya ya dari na kuchukuliwa na upepo chini ya bati. Hewa baridi huvutwa madirishani. Mvua haiufikii ukuta wa udongo. Zile nafasi za wazi hazikupewa jina la kudumu kwenye ramani, na ndizo zinazobeba maisha mengi kuliko madarasa yenyewe, kwa masomo ya nje, michezo na mapumziko. Shule iliyoanza na watoto wapatao 120 ilifikia mamia kadhaa, ikaongezewa jengo la pili na nyumba za walimu. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Kenya ina kazi yake pia: kituo cha mafunzo ya teknolojia cha Startup Lions huko Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mirefu ya kutolea hewa iliyoiga vichuguu vya mchwa vya eneo hilo.

Huko Rudrapur, kaskazini mwa Bangladesh, mambo yalianza kwa njia nyingine. Anna Heringer hakuwa mzaliwa wa kijiji. Alikwenda akiwa kijana wa kujitolea katika shirika la maendeleo la Dipshikha, akakaa karibu mwaka mzima, kisha akaenda Austria kusomea usanifu mjini Linz. Mwaka 2004 aliwasilisha shule ya kijiji hicho kama kazi yake ya kuhitimu. Mwaka uliofuata ilijengwa, yeye akishirikiana na Eike Roswag wa Berlin aliyeshughulikia upande wa kiufundi, pamoja na mafundi wa kijijini. Ng'ombe walikanyaga udongo na majani makavu hadi vikachanganyika. Ukuta mzito wa ghorofa ya chini ulipandishwa tabaka kwa tabaka na kuchongwa kwa sepetu kali, na ghorofa ya juu ikajengwa kwa mianzi.

Heringer aliacha maarifa ya wenyeji kama yalivyo na kuongeza mambo machache yaliyokosekana, hasa msingi wa tofali na tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani. Kukosekana kwa mambo hayo ndiko kulikokuwa kukizimaliza nyumba za udongo za kijiji. Nyuma ya kila darasa la chini kuna matundu laini kama mapango, ambamo mtoto anaweza kuingia kusoma peke yake au kunong'ona na mwenzake. Juu kuna vyumba viwili vya mianzi vyenye mwanga mwingi. Darasa, pango na ghorofa ya hewa: mwalimu ana namna tatu za kuwakusanya watoto, na hakuna ukuta hata mmoja unaosogea. Jengo hili nalo lilipata Tuzo ya Aga Khan, mwaka 2007.

Si kila jengo la aina hii hujengwa kwa udongo, wala kwa watu maskini. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Cedric Price, pamoja na mwongozaji wa tamthilia Joan Littlewood, walibuni mjini London jumba la burudani na elimu ambalo sakafu, kuta na ngazi zake zingehamishwa kwa kreni kila umma utakapotaka. Halikujengwa. Athari yake ilionekana Paris mwaka 1977, ilipofunguliwa Centre Pompidou, jumba la sanaa na utamaduni, ambayo mabomba na ngazi zake viliwekwa nje ili sakafu za ndani zibaki bila nguzo. Hata hapo, kilichowavuta watu wa kawaida ni uwanja mkubwa ulioachwa mbele ya jengo, karibu nusu ya kiwanja chote, kuliko ule uwezo wa kupanga upya kumbi.

Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wamekwenda mbali zaidi. Vassal alifanya kazi Niger katika miaka ya 1980, na kazi ya kwanza ya wawili hao ilikuwa kibanda cha nyasi mjini Niamey, ambacho upepo ulikimaliza baada ya muda mfupi. Shule ya usanifu ya Nantes waliyoikamilisha mwaka 2009 ina sakafu kuu tatu za zege zenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa, na mteremko mpana unaopanda kwa nje hadi juu ya paa. Kwa bajeti ile ile walijenga eneo kubwa zaidi ya lililoombwa, na sehemu ya ziada wakaiacha bila kazi maalumu. Wanafunzi hujengea mifano humo na kufanya maonyesho na sherehe. Ni bahati njema kujifunza kazi hii ndani ya jengo linaloifundisha.

Mezani, mambo yanayoamua ni madogo na ya hesabu. Sakafu ya nyumba ya kuishi, kwa viwango vya Uingereza vilivyorithiwa na nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, hukadiriwa kubeba kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, na ukumbi wa mkusanyiko 5. Asiyelifikiria hilo mapema amekwisha kuamua, bila kujua, kwamba jengo lake halitakuwa ukumbi kamwe. Vyoo visipofikika bila kupita madarasani, shule itafungwa jioni hata kama ramani inasema vinginevyo. Zoezi lenye manufaa ni kuchora mpango ule ule mara kadhaa kwa saa tofauti, alfajiri, adhuhuri, magharibi na siku ya msiba, na kuonyesha kila safari nani yupo, amekaa juu ya nini, na ufunguo uko kwa nani.

Kalenda ya chuo ndiyo kikwazo kikubwa. Mwaka wa masomo huisha kabla jengo halijaanza kubadilika, na alama hutolewa kwa michoro. Rural Studio ya Chuo Kikuu cha Auburn, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth katika vijiji vya Kaunti ya Hale, Alabama, imelishughulikia hilo kwa kukaa mahali pamoja. Wanafunzi wanaishi huko, wanajenga kwa mikono yao, na wanakutana na wenye nyumba dukani. Mwaka 2005 walianza kusanifu nyumba iliyoweza kujengwa wakati huo kwa dola 20,000, vifaa na ujira pamoja, kila kundi likichambua nyumba za waliotangulia kabla ya kuchora yake. Katika mji wa Greensboro, bustani ya umma ya Lions Park imejengwa kwa mtindo huo huo wa kupokezana: kundi moja likatengeneza viwanja vya besiboli, jingine vyoo, jingine uwanja wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, jingine eneo la michezo ya watoto lililoundwa kwa mapipa ya chuma yaliyokuwa ya mafuta ya mnanaa.