Kumfundisha Mtoto Choo katika Nchi ya Usukuma, Zamani na Sasa

Walimu kadha wa kadha wa upande wetu wa Bariadi wameuliza sababu ya jambo moja. Mtoto wa miaka mitano au sita huletwa shuleni, naye hakubali kabisa kuingia chooni. Hujificha nyuma ya ua wa minyaa, au hujizuia mpaka jioni, au hurudi kwao amejichafua. Walimu wengine humpiga, na wengine humwaibisha mbele ya wenzake. Nimeona yafaa kuandika habari za desturi hii tangu zamani, maana asiyejua mtoto alikotoka hawezi kumwongoza aendako.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Neno choo lina maana mbili: ni kitu kitokacho tumboni, tena ni mahali pa kukiweka. Kwa adabu watu hulikwepa, wakasema kwenda haja, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya hitaji. Au husema kujisaidia. Na watu wa pwani husema kwenda msalani. Maneno hayo ni mazuri kwa watu wazima. Lakini mtoto aliyesikia Kisukuma tu nyumbani, akiulizwa na mwalimu, "Nani anataka kujisaidia?" hajui kwamba ameulizwa yeye. Basi mwalimu ajifunze neno ambalo mtoto hulitumia kwa mama yake, alikubali siku za kwanza, kisha amfundishe la Kiswahili pole pole.

Zamani katika nchi hii miji ya watu ilikaa mbali mbali, kila mji na ng'ombe wake na mashamba yake, wala hapakuwa na shimo la choo. Watu wazima walikwenda porini. Wazee husimulia kwamba mtoto mchanga alibebwa mgongoni kutwa, na mama au dada yake alizijua dalili zake: alivyojinyonga, alivyonyamaza ghafula. Alishushwa upesi, akashikwa mpaka amalize. Akichafua uani, mama alifukia kwa majivu, akazoa kwa jembe. Alipojua kutembea aliwafuata watoto wakubwa porini, akafanya kama wao. Hapakuwa na siku ya kuanza mafundisho wala siku ya kuyamaliza.

Desturi ya namna hii imechunguzwa vizuri kwa Wadigo wa pwani ya Kenya. Mwaka 1977 wataalamu wawili, deVries na mkewe, walitoa habari zao katika gazeti la waganga wa watoto la Marekani. Mama wa Kidigo huanza mtoto akiwa na majuma machache tu. Huketi chini amenyosha miguu, humweka mtoto katikati ya miguu yake, hutoa sauti ya shuu, na mtoto akikojoa humfurahia. Kwa miezi mitano au sita watoto wengi walikuwa wameelewa. Kumbe huko Marekani kwenyewe mawazo yalikuwa yamegeuka mara mbili. Kati ya vita vile viwili vikubwa, wazazi waliagizwa kumfundisha mtoto kwa ukali na kwa saa. Kisha mwaka 1962 mganga T. Berry Brazelton alitoa habari za watoto 1,170 walioachwa mpaka waonyeshe wenyewe kwamba wako tayari. Wengi walishinda wakavu mchana walipofika miezi 28 hivi. Mdigo huanza mapema, na Brazelton alichelewa. Lakini wote wawili hawakutumia fimbo.

Sasa tuje kwenye shimo. Misheni ya Nassa, iliyo leo katika Wilaya ya Busega, ilianzishwa mwaka 1888, na baada yake shule na zahanati zilienea nchini kidogo kidogo. Choo cha shimo kilifuatana nazo, pamoja na amri za bwana afya. Mwaka 1973 redio ilitangaza mafundisho ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikutana katika vikundi kuyasikiliza. Ilifuata Operesheni Vijiji, na watu waliokaa mbali mbali wakakusanywa pamoja. Pori la kila mji likawa jirani ya mlango wa mwingine. Mwaka 2017 kampeni ya Nyumba ni Choo ilianza.

Sababu ya juhudi hizo ni ya kweli. Mwaka 1915 Leiper alionyesha huko Misri jinsi mdudu wa kichocho anavyopita katika konokono wa majini. Katika nchi yetu malambo mengi yalichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, hasa katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na konokono wakapata makao. Mtoto mwenye kichocho cha mkojo akikojoa lamboni huwapa wenzake ugonjwa. Tena wako wasemao kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Si kweli, mayai ya minyoo hayatazami umri wa mtu.

Lakini shimo lile lilipimwa kwa mguu wa mtu mzima. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Magogo hulegea, na kuta za shimo huporomoka. Ndani ni giza, nzi huvuma, na tundu ni pana kuliko kiuno cha mtoto. Anayeogopa kutumbukia hana ukaidi, ana akili.

Jambo hili nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa tatu alipokuwa na miaka minne alikataa choo chetu. Nami, kwa kuwa ni mwalimu, niliona aibu, nikamchapa. Akaacha kulia, akaacha na kwenda haja. Siku ya tano tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Mganga wa zahanati alinieleza: mtoto akijizuia choo hukauka, kikikauka huuma kitokapo, akiumwa huogopa zaidi na kujizuia tena. Akaniambia, "Mwalimu, fimbo yako imefunga mlango huo kwa ufunguo." Alimpa dawa ya kulainisha, akaagiza maji mengi na papai.

Mama yangu mzazi hakunilaumu. Alichukua jembe, akachimba kishimo kifupi nyuma ya nyumba, akamwambia mjukuu wake, "Hiki ni chako, nami nitakaa hapa." Akimaliza walinyunyiza majivu, wakazoa pamoja na kutupa chooni, mtoto akishika mkono wa bibi yake. Ndipo mimi nikatengeneza ubao wenye tundu dogo na kuuweka juu ya shimo kubwa, nikatoboa dirisha kwa ajili ya mwanga. Mwezi haukwisha, akaingia mwenyewe. Lakini kwangu hakukimbilia tena kama zamani kwa muda mrefu. Hilo lilinichukua zaidi ya mwezi kulitengeneza.

Basi, ndugu walimu, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, ingieni choo cha shule, mchuchumae hapo, mtazame tundu kwa macho ya mtu wa miaka mitano. Wekeni ubao, wekeni maji na majivu, mpeni mwenzake wa kumsindikiza. Akijichafua, aoshwe faraghani bila maneno. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee wetu hawakuwa na vyoo, nasi tumefanya vema kuvichimba. Ila walikuwa na mkono wa kumshika mtoto mpaka amalize, na mkono huo haukupaswa kuachwa porini.