Kusitisha si Kufuta: Hukumu ya Kifo Malawi kwa Jicho la Dzaleka na Biwi

Tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo Joseph Kabila, rais wa Kongo tangu 2001 hadi 2019, bila mwenyewe kuwepo. Kwa Wakongo wanaoishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, na kwa wale wanaotafuta riziki Biwi, jijini Lilongwe, hiyo haikuwa habari ya kupita. Wako waliokimbia Kivu Kabila akiwa madarakani, na wana hesabu yao naye. Linalonishughulisha mimi ni wepesi wa njia iliyoifikisha mahakama pale. Kongo ilikuwa haijamuua mfungwa kwa hukumu ya mahakama tangu Januari 2003. Machi 2024 usitishaji huo wa miaka 20 na zaidi ukaondolewa kwa waraka wa Waziri wa Sheria, wabunge hawakuulizwa. Waraka ulitaja wasaliti jeshini na magenge ya mijini, wale kuluna. Kabla mwaka haujaisha, mahakama za kijeshi zilikuwa zimehukumu kifo makumi ya askari kwa kosa la kumkimbia adui mashariki mwa nchi.

Dai langu ni kwamba Malawi imesimama leo pale Kongo iliposimama kabla ya waraka ule. Sheria inaruhusu mtu anyongwe, mahakama zinaweza kumhukumu, ila serikali hainyongi. Wengi huiita hali hiyo huruma. Ingekuwa huruma kama ingekuwa na mahali pa kushika. Kwa sasa inaning'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja: mara ya mwisho mtu kunyongwa Malawi ilikuwa 1992, na tangu Bakili Muluzi alipoingia Ikulu mwaka 1994 kila rais amekataa kutia saini. Rais ajaye akitia, hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Mwaka huohuo wa 1994 ndipo Dzaleka, iliyokuwa gereza la wapinzani wa Kamuzu Banda, ilipogeuzwa kambi ya wakimbizi. Wanaopanga leo foleni ya posho wanatembea juu ya ardhi ya wafungwa wa kisiasa, kwa hiyo historia ya adhabu nchini hapa inawahusu hata kama hawakuzaliwa hapa. Sehemu moja ya historia hiyo inastahili kusimuliwa taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaa wa Chilobwe, Blantyre, ulikumbwa na mauaji ya usiku yaliyotia hofu nchi nzima. Washtakiwa walifikishwa Mahakama Kuu na mwaka 1969 wakaachiliwa kwa upungufu wa ushahidi. Bunge lilighadhibika. Wananchi walitaka damu ilipwe, na wabunge wakaona kanuni za ushahidi ni ujanja wa Wazungu wa kuwalinda wauaji. Sheria ikabadilishwa, mahakama za jadi zikapewa mamlaka ya kusikiliza kesi za mauaji na kutoa hukumu ya kifo, na majaji wa Kiingereza wakajiuzulu.

Silaha iliyochongwa kwa ajili ya wauaji wa Chilobwe haikukaa alani. Mwaka 1977 mahakama hizohizo zilimhukumu Albert Muwalo, katibu mkuu wa chama tawala, naye akanyongwa. Mwaka 1983 zikamhukumu kifo Orton Chirwa, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria, pamoja na mkewe Vera, wakili kama yeye, baada ya kutekwa mpakani mwa Zambia. Walinyimwa wakili. Dunia ilipiga kelele, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Orton alifia gereza la Zomba mwaka 1992, Vera akaachiwa mwaka uliofuata. Nani alidhani, katika hasira ya 1969, kwamba kitanzi kilekile kingewafikia wanasheria waliopigania uhuru?

Tarehe 27 Aprili 2007, katika kesi ya Kafantayeni, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Ilichukua miaka kadhaa uamuzi huo kuwafikia waliokwisha hukumiwa. Kuanzia 2015, kesi zao zilipoanza kusikilizwa upya kuhusu adhabu tu, ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliuliza: huyu ni nani? Wasaidizi wa kisheria walikwenda vijijini kuzungumza na mama, jirani na chifu. Baadhi ya mafaili ya kesi yalikuwa yamepotea kabisa. Walibainika wagonjwa wa akili ambao hakuna daktari aliyewahi kuwapima. Machifu wengi walisema wako tayari kumpokea mtu wao. Zaidi ya watu 150 walisikilizwa na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa hukumu ya kifo; walio wengi sasa wako huru. Mmoja wao aliieleza BBC kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kunyongwa, mnyongaji aliyetoka Afrika Kusini akachoka kabla ya kumfikia, wakamrudisha seli. Yu hai kwa sababu ya uchovu wa mtu mwingine.

Wapo wanaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Tangu mwishoni mwa 2014 watu wenye ualbino nchini wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na mahakama zimetoa hukumu za kifo kwa baadhi ya wauaji. Mzazi aliyekuta kaburi la mwanawe tupu hana deni la kunisikiliza. Hata hapa kwetu, mtu aliyeuliwa wanawe Uvira au Bujumbura atakuuliza: kwa nini aliyewaua ale chakula cha serikali? Siwezi kumwambia hasira yake ni dhambi. Ila naitazama kesi ya MacDonald Masambuka, aliyeuawa Machinga mwaka 2018. Miongoni mwa waliotiwa hatiani mwaka 2022 walikuwa kaka yake, padri, polisi na mhudumu wa afya. Kaka na wenzake wanne walipewa kifungo cha maisha, padri miaka 30. Watu wa aina hiyo walijua sheria ya nchi na bado walitenda, kwa kuwa waliamini hawatashikwa. Kinachomlinda mtu mwenye ualbino ni upelelezi unaomfikia mnunuzi. Kumnyonga aliyetumwa ni kumziba mdomo shahidi anayeweza kumtaja.

Wenye kuegemea dini nao nawaheshimu, ila naomba wasome hadi mwisho. Sura ya Al-Baqara inayotaja kisasi katika aya ya 178 inafungua hapohapo mlango wa msamaha kwa ndugu wa marehemu. Kaini aliwekewa alama ili asiuawe. Mfumo wa Malawi umeweka neno la mwisho mikononi mwa rais, mjane haulizwi.

Kwa mkimbizi kuna jambo jingine, dogo kulisema na kubwa kulipata. Mahakama Kuu ya Lilongwe huendesha kesi kwa Kiingereza. Mtuhumiwa wa Dzaleka anayejua Kiswahili na Kirundi tu anategemea mkalimani, na tofauti kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia inaweza kupotea katika sentensi moja. Kifungo kikikosewa, mtu hutolewa; aliyenyongwa kimakosa harudi.

Baadhi ya majirani zetu wamekwisha amua. Rwanda, iliyowapiga risasi hadharani watu 22 Aprili 1998 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, kwa sehemu ili mahakama ya kimataifa ya Arusha na nchi za Ulaya zikubali kuwakabidhi watuhumiwa. Burundi ilifuata 2009, Zambia 2022, Zimbabwe mwisho wa 2024. Hata Rwanda, iliyopoteza watu wengi mno, imeona inaweza kutenda haki bila kuua.

Malawi iligusa mlango huo ikarudi nyuma. Tarehe 28 Aprili 2021, katika kesi ya Khoviwa, ilionekana Mahakama ya Juu ya Rufani imeitangaza adhabu hiyo batili. Agosti mahakama ikafafanua kwamba hayo yalikuwa maoni ya Jaji Dunstain Mwaungulu peke yake. Lililotangazwa ushindi liliishi miezi minne.

Kazi imebaki kwa Bunge. Kifungu cha 16 cha Katiba kinaruhusu hukumu ya kifo, hakiiamuru. Kanuni ya Adhabu inaweza kurekebishwa kwa muswada wa kawaida bila kugusa Katiba, na wabunge wanaoketi Lilongwe, mwendo mfupi kutoka Biwi, wauwasilishe wakati huu ambapo hakuna anayesubiri kitanzi kesho asubuhi.