Mko wawili tu online? EA FC Clubs bado inachezeka, cheki namba unazofaa kujua

Hii stori kila gemaz anaijua. Mmepanga mechi saa tatu usiku, grupu ya WhatsApp ina watu kumi na mmoja, lakini saa ikifika mko wawili. Mmoja stima imepotea, mwingine bando imeisha, wengine wamenyamaza tu. Mnaahirisha. Baada ya wiki tatu hivi, timu imekufa.

Na haikufaa kufa. Clubs, ile sehemu ya EA Sports FC ambapo kila mse anacheza kama mchezaji mmoja uwanjani, haidai mjae wote.

Lazima muwe wangapi?

Wawili. Mechi ya klabu ya 11 kwa 11 inaanza mkiwa wawili, na nafasi tisa zinazobaki zinajazwa na kompyuta. Kwa mpira wa ukweli, sheria ya 3 inasema mechi haianzi timu ikiwa na chini ya wachezaji 7, so hapa mmehurumiwa sana.

Juu kabisa ni 11, kipa akiwa ndani. Zamani haikuwa hivyo. FIFA 09 iliishia 10 kwa 10, halafu FIFA 11 ikaleta kipa anayechezwa na mtu.

ANY ni nini?

Hii ndiyo huleta vita. Anayechagua ANY anaongoza wachezaji wote ambao hawana mtu. Mkiwa wawili, huyo anabeba timu karibu yote, so mpeeni mwenye anajua kukaba. Yule mwingine achukue straika ama kiungo. Bila ANY, kompyuta inajichezea yenyewe, na mabeki wake watakutoa jasho.

Mkianza kufika watano au sita, jazeni katikati na nyuma kwanza. Wote wakikimbilia straika, mtafungwa tu.

Na ukiwa solo?

Mechi ya klabu haitaanza, lakini kuna Drop-In, ambapo unachanganywa na watu usiowajua. Tangu FC 25 ya 2024 pia kuna Rush, ya 5 kwa 5: watu wanne uwanjani, kipa ni kompyuta. Squad ndogo ikiwa imeboeka na 11 kwa 11, hapo ndipo pake.

Kabla uite maboyz

Kila mtu anahitaji kifaa chake na gemu yake. Pedi mbili kwa PS5 moja haziwezi kuingia Clubs, hata mkiwa mmekaa kochi moja. Wa PlayStation wanahitaji PS Plus.

Halafu ulizeni kila mtu anatumia nini. Kuanzia FC 24, wa PS5, Xbox Series X|S na PC wanaweza kucheza pamoja. Wa PS4 na Xbox One pia wanaweza, lakini kivyao. Mkiwa wawili, mmoja PS4 na mwingine PS5 na kila mtu na toleo la kifaa chake, kwa Clubs hamtapatana. Hii ijueni kabla mtu atoe doo.

So wakati mwingine wale tisa wakipotea, msifunge grupu. Chagueni nani anashika ANY, muingie uwanjani. Wengine watawapata ndani.