Hollywood Yapiga Hodi Kanisani

Superman ni kazi ya vijana wawili wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio: Jerry Siegel aliyetunga hadithi na Joe Shuster aliyechora. Machi 1938 waliuza haki zote za mhusika wao kwa dola 130, na mwaka huohuo akatokea kwenye jalada la toleo la kwanza la Action Comics akiwa amelinyanyua gari juu ya kichwa. Ukiisoma hadithi yake ya asili, anafanana zaidi na Musa kuliko na Yesu. Wazazi walioona maangamizi yanakuja wanamtia mtoto katika chombo kidogo na kumwachia safari. Watu wa taifa jingine wanamwokota, naye anakulia kwao huku asili yake ikiwa siri. Wanazi nao hawakukosea kuhusu nasaba hiyo. Aprili 1940 gazeti la kikosi cha SS, Das Schwarze Korps, lilimshambulia Siegel kwa Uyahudi wake baada ya jarida moja la Marekani kumchora Superman akiwakamata Hitler na Stalin.

Makanisa ya Marekani wakati huo hayakuwa na hamu na shujaa huyo wala wenzake. Mwaka 1948 wanafunzi wa Spencer, West Virginia, walirundika vitabu vya katuni uwanjani na kuvichoma moto. Miezi miwili baadaye shule ya Kikatoliki ya Binghamton, New York, ilifanya vivyo hivyo. Walimu, wazazi na makasisi waliviona kuwa sumu ya watoto. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alipochapisha kitabu chake cha kuvishutumu, wachapishaji waliona heri wajiwekee wenyewe kanuni za maadili kabla serikali haijawawekea. Miaka 65 baada ya mioto ile, wachungaji walikuwa wakipelekewa muhtasari wa mahubiri yenye Superman ndani yake, bure, kwa gharama ya studio.

Yaliyotokea katikati hayawezi kuelezwa na imani ya watengenezaji filamu peke yake. Kwa mfanyabiashara wa sinema, kanisa ni hadhira iliyokwisha kukusanyika. Watu wanakutana kila wiki, wanamwamini anayesimama mbele yao, wana ratiba ya matangazo, wana vikundi vya vijana na mabasi ya kuwapeleka, na wana kawaida ya kwenda mahali kwa makundi. Filamu kubwa Marekani hufunguliwa Ijumaa na kupimwa kwa mapato ya siku tatu za kwanza. Jumapili imo katika siku hizo.

Wa kwanza kuielewa hesabu hiyo kwa ukamilifu alikuwa Cecil B. DeMille. Alipotengeneza The King of Kings, filamu ya mwaka 1927 kuhusu maisha ya Yesu, aliwaweka viongozi wa dini kama washauri, akiwemo padri Mjesuiti Daniel Lord. Nakala za filamu hiyo ziliendelea kutumiwa na wamisionari kwa miongo kadhaa. Lakini werevu wake ulionekana zaidi katika The Ten Commandments ya mwaka 1956. Huko Minnesota, jaji mmoja aliyekuwa mwanachama wa Fraternal Order of Eagles alikuwa ameanzisha mpango wa kutundika Amri Kumi katika mahakama na shule, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi na kutiwa fremu. DeMille alipopata habari aliunga mkono, na mpango ukahamia kwenye mawe: minara ya matale iliyochongwa Amri Kumi, ikisimamishwa katika miji mbalimbali. Baadhi ya uzinduzi huo ulihudhuriwa na waigizaji wenyewe. Yul Brynner, aliyecheza Farao, alikuwa Milwaukee. Charlton Heston, aliyecheza Musa, alikwenda Dunseith, North Dakota. Tangazo la sinema kwa kawaida huondolewa filamu ikiisha muda wake, lakini haya yalikuwa ya jiwe. Mnara mmoja wa jamaa hiyo, uliowekwa mwaka 1961 kwenye viwanja vya bunge la jimbo la Texas mjini Austin, ulifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2005 iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba ubaki.

Kanisa halikuwa mteja tu. Lilikuwa pia na rungu. Tangu miaka ya 1930 chama cha Kikatoliki kilichoitwa Legion of Decency kilipanga filamu kwa madaraja, na waumini waliapa kanisani kutokwenda kuona zilizolaaniwa. Studio zilizoea kubembeleza kwa sababu zilijua gharama ya kugombana.

Ndani ya mwaka mmoja, kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu mbili ambazo hazikuonekana kuwa na uhusiano. Desemba 1978 ilitoa Superman ya Richard Donner, na Oktoba 1979 ikasambaza Jesus, filamu iliyotokana na Injili ya Luka kwa ushirikiano wa mtayarishaji John Heyman na mhubiri Bill Bright wa Campus Crusade for Christ. Ya pili haikutikisa kumbi za Marekani, bali ilipata maisha mengine nje: imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwa mojawapo, na vijiji vingi vya Afrika Mashariki viliiona usiku kwenye shuka jeupe, jenereta ikinguruma pembeni.

Katika Superman, Uyahudi wa shujaa ulivikwa joho la Kikristo bila kificho kikubwa. Jor-El, aliyechezwa na Marlon Brando akiwa na nywele nyeupe na vazi linalong'aa, anamweleza mwanawe kwamba binadamu wana uwezo wa kutenda mema, wanakosa tu mwanga wa kuwaonyesha njia, na kwamba ndiyo sababu amewapelekea mwana wake wa pekee. Hakuna aliyewahi kuhudhuria shule ya Jumapili akashindwa kusikia Yohana 3:16 hapo. Chombo kinachomleta mtoto duniani kinapita angani kama nyota. Watu wa filamu walikuwa wamegundua kwamba hadithi ya Siegel na Shuster inabeba mzigo huo bila kuvunjika, na waliofuata waliuongeza. Katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, analisimamisha treni akiwa amenyoosha mikono pande zote mbili, kisha abiria wanampokea akiwa amezimia na kumpitisha juu ya vichwa vyao, kama michoro ya Yesu akishushwa msalabani. Katika Superman Returns ya mwaka 2006, adui wa Superman, Lex Luthor, anamchoma shujaa ubavuni. Shujaa anaanguka kutoka angani mikono ikiwa wazi, analazwa hospitalini kama maiti, na baadaye muuguzi anakikuta kitanda kitupu.

Huku nyuma, mauzo nayo yalikuwa yakijifunza kwa vipigo. Mwaka 1988 studio ya Universal ilimwajiri mshauri mwinjilisti, Tim Penland, awaandae Wakristo kwa The Last Temptation of Christ ya Martin Scorsese. Penland alijiuzulu, maandamano yakafika mlangoni mwa studio, na Bill Bright akajitolea kuirudishia Universal fedha zake ili nakala za filamu ziharibiwe. Universal ilikataa. Fundisho la kibiashara lilibaki: mtu wa kati asiyekubalika pande zote mbili hasaidii.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 2000 na Jonathan Bock, aliyekuwa mtangazaji wa filamu wa Warner Bros., alipoanzisha Grace Hill Media, kampuni iliyofanya kazi moja: kuzipeleka filamu za studio za kawaida kwa watu wa dini. Miaka minne baadaye Mel Gibson aliondoa shaka zote. The Passion of the Christ iligharimu takriban dola milioni 30 kutoka mfukoni mwake, ilizungumzwa kwa Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, na ilifunguliwa Jumatano ya Majivu, Februari 25, 2004. Wachungaji walikuwa wamekwisha kuonyeshwa mapema, na makanisa yalinunua kumbi nzima. Ilikusanya dola milioni 370 Marekani peke yake, na zaidi ya milioni 600 duniani. Mashirika ya Kiyahudi yaliilaumu kwa jinsi ilivyowachora Wayahudi, lakini katika ofisi za studio kilichosomwa ni zile tarakimu. Disney iliichukua kampuni iliyoitangaza filamu ya Gibson ifanye kazi hiyohiyo kwa hadithi ya Narnia mwaka 2005. Fox ilianzisha tawi la FoxFaith mwaka 2006. Sony ikaanzisha Affirm Films mwaka uliofuata. Si kila jaribio lilifaulu. Evan Almighty, vichekesho vya mwaka 2007 kuhusu Nuhu wa kisasa, vilitumia dola milioni 175 na kuingiza kama milioni 100 tu Marekani.

Njia hizi zote zilikutana katika Man of Steel, filamu ya Superman ya Zack Snyder, iliyofunguliwa Juni 14, 2013, siku mbili kabla ya Siku ya Akina Baba ya Marekani. Warner Bros. ilitumia Grace Hill Media. Wachungaji walialikwa kuiona mapema, na tovuti ikawekwa kwa ajili yao yenye vipande vya filamu vya kuonyesha wakati wa ibada na kijitabu cha mahubiri kilichoandikwa na Craig Detweiler, profesa wa Chuo Kikuu cha Pepperdine, chenye kichwa kinachomwita Yesu shujaa wa asili. Huduma hiyo si ndogo kama inavyosikika. Sheria ya hakimiliki ya Marekani huruhusu nyimbo za dini kuimbwa katika ibada, lakini ruhusa hiyo haifiki kwenye filamu, na makanisa yenye skrini hulipia leseni ili kuonyesha vipande. Hapa studio ilivitoa bure, vikiwa vimeshakatwa na kupangwa.

Filamu yenyewe iliwarahisishia kazi. Clark Kent, yaani Superman, ana umri wa miaka 33. Anapotakiwa kujisalimisha kwa adui yake Jenerali Zod ili dunia iokolewe, anakwenda kanisani kumwomba ushauri padri kijana, na kamera inauweka uso wake karibu ukijaza picha, huku nyuma ya bega lake kukiwa na kioo cha rangi kinachomwonyesha Yesu akiomba Gethsemane. Mtazamaji hapewi nafasi ya kukisia. Ameshikwa kichwa na kugeuzwa. Baadaye, baba yake anapomwambia kwamba anaweza kuwaokoa wote, anatoka chomboni na kuelea angani, mikono imenyooka, miguu pamoja. Alama inayosisitizwa kiasi hicho hupungukiwa nguvu, na hata miongoni mwa Wakristo wapo waliouliza iwapo mimbari imekodishwa. Tena, kijitabu kilikuwa na kazi ngumu ya kuuzunguka mwisho wa filamu, ambapo mwokozi huyo anamvunja adui yake shingo baada ya mji kubomolewa. Man of Steel iliingiza kama dola milioni 668 duniani, na hakuna kipimo cha kutenganisha fedha za makanisa na za wengine.

Batman v Superman, iliyofuata, ilifunguliwa Machi 25, 2016, siku ya Ijumaa Kuu. Shujaa anakufa, anashushwa mikononi mwa wenzake katika mpangilio wa picha za kale za maziko ya Kristo, na udongo juu ya jeneza lake unatikisika. Mapato yake Marekani yaliporomoka kwa karibu asilimia 70 wiki ya pili, Pasaka ikiwa imepita.

Wakati huo sehemu ya hadhira ya makanisa ilikuwa imepata watengenezaji wake. Ndugu wa ukoo wa Kendrick, waliotoka katika kanisa la Sherwood Baptist mjini Albany, Georgia, walikuwa wameanza na filamu zilizochezwa na waumini wa kujitolea; Facing the Giants ya mwaka 2006 iligharimu takriban dola 100,000 na kuingiza milioni 10. War Room yao, hadithi ya mwanamke anayegeuza kabati la nguo kuwa chumba cha maombi, ilitengenezwa kwa dola milioni 3, ikasambazwa na Sony, na katika wiki yake ya pili, Septemba 2015, ikaongoza mapato ya sinema Marekani.